Mchezaji wa Mpira na Kiti cha Mtangazaji: Sura Moja ya Historia ya Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mchezaji wa mpira wa miguu, aliyekwisha kuvua viatu vya mchezo, alivyopata kuketi katika kiti cha mtangazaji wa televisheni katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na jinsi kuketi kwake kulivyokigeuza Kiswahili cha mpira. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya wataalamu waliozoea kushughulika na tenzi, hati za kale na lahaja. Lakini usemi wa mtangazaji wa mpira umesikilizwa na watu wengi mno kwa wakati mmoja, wa pwani na wa bara, wasomi na wasiojua kusoma. Na lugha iliyosikilizwa na watu wengi hivyo ina haki ya kuandikiwa historia yake.

Watu wengi hudhani kwamba mchezaji aliingia studio kwa sababu televisheni ilifika. Dai langu ni jingine. Televisheni ilifika mapema katika baadhi ya nchi zetu, na mchezaji asionekane mezani. Aliingia pale kazi ya kusema mpira ilipogeuka, ikaacha kuwa kazi ya kusimulia na kuwa kazi ya kuchambua. Katika mageuzi hayo Kiswahili kilipata kitu, na kilipoteza kitu. Na hasara hiyo huonekana wazi zaidi kwa yule aliye mbali na picha.

Mpira wa kusikia

Yafaa basi tuanzie mahali palipo mbali na picha. Wampembe ni kijiji na kata katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda za juu za Ufipa. Atokaye Namanyere huteremka milima mirefu kabla ya kuyaona maji. Na kwa miaka mingi njia kubwa ya mwambao ule ilikuwa ziwa lenyewe, kwa mitumbwi na kwa meli ya Liemba. Watu wake ni wavuvi na wakulima. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na kusini, ziwa linapokoma, ni Zambia. Mahali kama hapo Kiswahili kimekuwa lugha ya kukutania tangu zamani, pamoja na Kifipa na lugha nyingine za mwambao.

Mtu wa Wampembe aliyetaka kujua habari za mchezo uliochezwa Dar es Salaam hakuwa na njia nyingine ya haraka ila redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wala mtu huyo hakuwa peke yake katika kutegemea masikio. Zanzibar walipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, katika jambo la mpira, mvuvi wa Wampembe na karani wa Dar es Salaam aliyekosa tiketi ya kuingia uwanjani walikuwa sawa: wote wawili waliuona mchezo kwa kinywa cha mtu mwingine.

Mfano mkubwa ni mchezo wa Ndola wa Agosti 1979, ambapo timu ya Taifa ya Tanzania ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Zambia na kupata nafasi ya kwenda Lagos katika mashindano ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 1980. Bao la Tanzania lilifungwa na Peter Tino. Ukiwa Wampembe, Zambia ni jirani wa majini. Lakini habari ya bao lile ilipita kwanza Dar es Salaam, ikarudi kwa hewa. Watu wa Bara walilipokea kwa masikio, na wapo hata leo wanaolieleza kana kwamba waliliona kwa macho. Huo ndio uwezo wa msimulizi.

Tuutazame usemi wenyewe. Mtangazaji wa redio alikuwa na deni moja kubwa: kumpa msikilizaji uwanja mzima kwa maneno. Alililipa kwa njia tatu. Kwanza, alishika kiambishi cha wakati -na- na hakukiacha: anauchukua, anaambaa nao pembeni, anapiga, mlinda mlango anaruka. Pili, mpira ulipokwenda kasi kuliko kitenzi, alikitupa kitenzi. Watangazaji wa Kenya waliposema "Kadenge na mpira", walimtaja Joe Kadenge, mshambuliaji aliyevuma katika miaka ya 1960, kwa sentensi isiyokuwa na kitenzi. Mwanasarufi atasema kwamba hapo "ana" imepunguzwa ikabaki "na" peke yake, na hatakosea. Lakini sikio husikia zaidi ya hapo, yaani mtu na mpira vimeambatanishwa kwa kiunganishi kimoja, kama mtu na kivuli chake. Maneno hayo yalitoka redioni yakawa msemo wa watu. Tatu, alitaja pande: lango la kaskazini, lango la kusini, kulia, kushoto, katikati ya uwanja. Vionyeshi kama "hapa" na "pale" havikumtosha, maana msikilizaji hakuona kidole kilichokuwa kikionyesha.

Watu waliofanya kazi hii walikuwa mafundi wa sauti. Kenya ilikuwa na Leonard Mambo Mbotela. Radio Tanzania ilikuwa na Ahmed Jongo, na baada yake Charles Hilary, na wenzao wengi. Sifa yao haikutoka miguuni, ilitoka kinywani. Hakuna aliyewauliza walifunga mabao mangapi, kama vile hakuna amwulizaye mtunzi wa utenzi wa vita kama alipata kushika upanga.

Kwa nini mchezaji alichelewa

Kama televisheni peke yake ingetosha kumleta mchezaji mezani, tungemwona kwanza Nairobi na Kampala. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Lakini katika miaka ile mchezaji mstaafu hakuwa mtu wa studio. Sababu naona ni mbili.

Sababu ya kwanza ni hali ya mchezo. Mpira wetu ulikuwa mchezo wa ridhaa. Neno hili lafaa kuangaliwa: ridhaa ni kukubali kwa moyo, na Kiswahili kililichukua neno la moyo kumtajia mtu achezaye bila kulipwa, kinyume cha mchezaji wa kulipwa. Mchezaji wa ridhaa alikuwa na kazi yake, kiwandani, bandarini, jeshini au ofisini. Alipoacha mpira alibaki na kazi hiyo, au alikwenda kufundisha. Hakuwa mtaalamu wa mpira machoni pa sheria wala machoni pake mwenyewe. Kadenge ni shahidi mzuri. Jina lake lilitangazwa nchi nzima, lakini lilitangazwa na wengine. Baada ya kucheza alifundisha mpira na akaendesha teksi Nairobi. Alifariki Julai 2019, na msemo wake ukabaki.

Sababu ya pili ni vituo vyenyewe. Redio na televisheni zilikuwa mali ya serikali, na mtangazaji alikuwa mtumishi aliyeajiriwa kwa sauti yake, kwa lugha yake fasaha na kwa mafunzo. Kituo kilikuwa kimoja, hakikushindana na mtu, basi hakikuwa na haja ya kutafuta jina kubwa la kuwavuta watazamaji. Wachezaji waliokwenda Lagos mwaka 1980 walifika kileleni pa mpira wa Tanzania, lakini hawakukuta kiti cha kukalia studio. Leodegar Tenga, aliyekuwa nahodha wao, alielekea katika uongozi, akawa rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Wengine wakawa makocha. Hata Sunday Manara, Mtanzania aliyetangulia kwenda kucheza mpira wa kulipwa Ulaya, katika timu ya Heracles ya Uholanzi mwaka 1977, hakujulikana kwa kusema mpira. Aliyekuja kujulikana kwa kinywa ni mwanawe, Haji Manara, kama msemaji wa Simba na baadaye wa Yanga. Katika nyumba moja, baba alicheza na mwana akasema. Na kati yao ndipo mageuzi tunayoyachunguza yalipotokea.

Ili kuona kwamba sababu hizi si za kubuni, tuilinganishe nchi ambayo mchezaji aliwahi kuketi mapema. Uingereza, Jimmy Hill alikuwa mchezaji wa kulipwa wa Brentford na Fulham, na mwenyekiti wa chama cha wachezaji. Ni yeye aliyeongoza madai yaliyoondoa kikomo cha mshahara wa pauni 20 kwa juma mwaka 1961. Baadaye alikuwa meneja wa Coventry City, na mwaka 1968 akaingia televisheni ya kibiashara ya London kuongoza michezo. Mwaka 1973 akahamia BBC. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kituo cha ITV, kikishindana na BBC, kiliwakalisha wachezaji na makocha mezani wabishane mbele ya watazamaji. Mambo mawili tuliyoyakosa sisi yalikuwapo kule: mpira wa kulipwa na vituo vinavyoshindana. Gary Lineker, nahodha wa zamani wa Uingereza, ambaye aliendesha kipindi cha Match of the Day kuanzia mwaka 1999 hadi 2025, ni mrithi wa mlango uliofunguliwa wakati ule.

Tena tutazame ni wachezaji gani waliovuka. Hill alikuwa msemaji wa wenzake kabla ya kuwa mtangazaji. Bob Wilson, mlinda mlango wa Arsenal aliyeingia BBC mwaka 1974, alikuwa amesomea ualimu. Lineker alikuwa nahodha. Kufunga mabao mengi hakukutosha. Aliyevuka ni yule ambaye hata uwanjani alikuwa na kazi ya kusema. Jambo hili tutaliona tena kwetu.

Mlango kufunguliwa

Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji mwaka 1993, na mwaka uliofuata vituo vya watu binafsi vya televisheni vikaanza, ITV miongoni mwao. Redio za watu binafsi zikaongezeka, nazo zikavipa vipindi vya michezo saa nyingi. Desemba 2013 ilianza Azam TV, iliyojishughulisha hasa na kuonyesha ligi ya nyumbani. Na mwaka 2021 mkataba wake na Shirikisho ulitajwa kuwa wa miaka 10 na wa thamani ya shilingi bilioni 225.6. Sasa mambo yale mawili yalikuwapo hata kwetu: mchezaji analipwa, na vituo vinashindana.

Katika wakati huo ndipo tunapomkuta Ally Mayay Tembele. Alichezea Yanga na timu ya Taifa, akawa nahodha. Alipoacha kucheza akajulikana kama mchambuzi wa soka katika redio na televisheni. Mwaka 2017 aligombea urais wa Shirikisho, asipate. Baadaye serikali ilimwita katika wizara yenye dhamana ya michezo kusimamia maendeleo yake. Twaona tena kwamba aliyevuka ni nahodha. Neno nahodha lilitujia kwa njia ya bahari, likiwa jina la mwenye kuongoza chombo. Na mpirani nahodha ndiye aruhusiwaye kumwendea mwamuzi na kuzungumza naye kwa niaba ya wenzake. Mayay hakujifunza kusema studio. Alihamisha kazi ya kusema kutoka uwanjani.

Amri Kiemba ni mfano wa pili. Alikuwa kiungo wa Simba na wa timu ya Taifa, na ndiye aliyefunga bao la mapema dhidi ya Ivory Coast jijini Dar es Salaam tarehe 16 Juni 2013, katika mchezo ambao Tanzania ilishindwa 4 kwa 2. Yeye naye aliingia katika uchambuzi. Mtu aliyefunga bao mbele ya timu kubwa kama ile, kisha akashindwa mchezo, ana jambo la kueleza ambalo msimulizi hawezi kulijua kwa kutazama tu: namna mchezo unavyoponyoka mkononi.

Kuchambua

Kiswahili kililiitaje jambo hili jipya? Hakikukopa, kilikwenda shambani. Kuchambua ni kutoa uchafu katika pamba, kutenga karafuu na vikonyo vyake, kuchagua mboga jani moja moja. Ni kazi ya mikono, ya kukaa, ya taratibu, na hufanywa baada ya mavuno. Kutangaza ni kufanya jambo litangae, yaani lienee. Ni kazi ya wakati ule ule. Maneno haya mawili yaonyesha tofauti ya kazi mbili vizuri kuliko maelezo marefu: mtangazaji hueneza, mchambuzi hutenga. Wasemaji wenyewe, bila kamati yoyote, walichagua neno linalofaa.

Kwa neno hilo sarufi nayo ikageuka. Mchambuzi haishi katika -na-. Anaishi katika -li- na katika -nge-: aliuchelewesha mpira, angeutoa mapema, beki asingempata. Vipashio vya masharti, ambavyo mwanafunzi wa Kiswahili huviona vigumu na mwandishi wa magazeti huvikwepa, vimekuwa chakula cha kila siku cha vijana wabishanao mpira. Mwenye kutaka kuona kama -nge- na -ngeli- zingali hai katika Kiswahili cha leo, na jinsi zinavyochanganyika, asiende maktaba. Afungue kipindi cha michezo.

Mchezaji aliingia studio na msamiati wa uwanja wa mazoezi. Kiungo mkabaji, kiungo mchezeshaji, kukaba kwa nafasi, kukaba mtu kwa mtu: haya ni maneno ya watu waliofundishwa na kocha, na zamani mtazamaji wa kawaida hakuyahitaji. Tazama yalivyoundwa. Kiungo ni mahali mifupa inapokutana, na kwa wapishi ni kile kitiacho ladha mchuzini. Mchezaji wa katikati ni yote mawili. Mkabaji ametoka katika kukaba, ambako kwa asili ni kubana koo. Mchezeshaji ni kauli ya kutendesha iliyotumiwa kwa akili: huyu hachezi tu, huwafanya wengine wacheze. Maneno hayo yaliungana na yale ya watazamaji, kama tobo, kanzu na chenga, na kuotea, neno la mwindaji anayevizia. Kwa hiyo kuingia kwa mchezaji kumeipa lugha yetu elimu ya ndani ya mchezo, kwa maneno ya Kiswahili. Hiyo ndiyo faida, nayo si ndogo. Wale waliodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza ufundi wa mambo wajibiwe kwa mfano huu kabla ya mingine.

Kilichopotea

Tarehe 22 Oktoba 2020, katika uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, timu ya Tanzania Prisons iliwafunga Simba, mabingwa wa nchi kwa misimu mitatu mfululizo, bao 1 kwa 0. Kwa watu wa Rukwa jambo hili lilikuwa kubwa kwa sababu mbili. Timu kubwa ilikuwa imeanguka Ufipa. Na picha, iliyozoea kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani, sasa ilikuwa ikitoka Sumbawanga. Mji uliokuwa wa kusikiliza ukawa mji wa kutazamwa.

Lakini kutoka Sumbawanga hadi mwambao wa ziwa bado kuna mlima. Mwenye king'amuzi na umeme ataona. Asiye navyo atakwenda katika kibanda umiza, alipe, abanane na wenziwe. Na aliye majini usiku na wavu wake atabaki na redio ndogo au simu ya kusikilizia. Huyu wa mwisho ndiye anayelipa gharama ya mageuzi. Maana usemi wa mtu aliyezoea picha una vionyeshi vingi: tazama hapa, huyu asingekaa pale, angalia nafasi hii. Mtu mwenye picha aelewa yote. Mvuvi husikia "hapa" na hajui ni wapi, husikia "huyu" na hajui ni nani. Deni alilolilipa msimulizi wa zamani kwa pande za uwanja limehesabiwa kuwa limekwisha, na bado kuna mtu anayedai.

Simlaumu mchezaji. Hakuajiriwa kusimulia, na picha imempunguzia kazi. Nasema tu kwamba kazi mbili tofauti zimekuja kuhesabiwa kuwa moja, na moja imeimeza nyingine. Kituo kinachopeleka sauti yake redioni na televisheni kwa pamoja kingefanya vyema kuwa na vinywa viwili: mmoja wa kusimulia kwa asiyeona, mmoja wa kuchambua kwa anayeona. Pale wawili hao wanapoketi pamoja na kila mmoja akaijua mipaka yake, Kiswahili cha mpira hufikia uzuri ambao hakikuupata zamani, kwa kuwa zamani kilikuwa na jicho bila elimu ya ndani, na leo kina elimu ya ndani lakini jicho limesahauliwa.

Haja ya kuhifadhi

Jambo la mwisho lawahusu wenzangu wa taaluma. Mwaka 1978 Roy Willis alichapisha kitabu juu ya sanaa ya usemi ya Wafipa, na kwa kazi hiyo hadithi zilizosimuliwa katika vijiji vya Ufipa miaka ya 1960 zinaweza kusomwa leo. Usemi wa watangazaji waliosikilizwa katika vijiji vile vile, miaka ile ile, haujapata kitabu cha namna hiyo. Tumekusanya ngano za sungura na fisi, na vizuri tumefanya. Lakini ngano ya dakika 90, inayotungwa papo hapo na isiyoweza kurudiwa, tumeiacha ipite kama upepo.

Wenye usemi huo wanaondoka. Leonard Mambo Mbotela alifariki Februari 2025, na Charles Hilary Mei ya mwaka huo huo. Wachezaji walioingia studio wangali nasi, nao waweza kueleza wenyewe jinsi walivyojifunza kugeuza ujuzi wa miguu kuwa maneno. Kazi ni tatu, wala si ngumu: kutafuta kanda za zamani katika hifadhi za vituo na mikononi mwa watu, na kuziandika neno kwa neno, kuwahoji wachambuzi waliokuwa wachezaji juu ya maneno waliyoyakuta, waliyoyabuni na waliyoyakataa, na kuwauliza wasikilizaji wa mahali kama Wampembe waliuona mchezo gani walipousikia. Hawa wa mwisho wasisahauliwe. Ndio walioijua kazi ya mtangazaji kwa kipimo kigumu kuliko vyote, kwa sababu walikuwa na maneno yake tu, na hawakuwa na kitu kingine.